Chumvi kwenye fungu la TEHAMA

Swali la mhasibu ni lilelile, iwe Bukoba mjini, iwe Muleba: "Umebadilisha nini?" Nikisema nimebadilisha kadi, kalamu inatembea, hati inajazwa, tunaagana vizuri. Nikisema sikubadilisha kitu, nimekuta waya umekatika nikauunga, kalamu inasimama. Anavua miwani. "Sasa, mama, hapa tuandike tumekulipa ya nini? Nauli tutakurudishia. Na chai utakunywa."

Mimi ni fundi wa simu za ofisini, na karakana yangu iko Miembeni, Bukoba. Kazi yangu ni lile sanduku la ukutani nyuma ya mapokezi, PABX, linalopokea laini mbili tatu kutoka nje na kuzigawa kwa simu za ndani: maabara, stoo, bwenini, kwa mkuu wa shule, kwa mhasibu huyohuyo wa kalamu. Ndani yake kuna ubao mkuu, pawa saplai, na kadi zilizochomekwa kwenye sloti zake, nyingine za laini za nje, nyingine za simu za ndani. Simu zikigoma, jengo zima linasema kadi imekufa. Wakati mwingine ni kweli. Ila mara nyingi kadi hiyo ni maiti ya pili au ya tatu, na muuaji bado yumo chumbani.

Ofisi zetu za Kagera zinamwaga pesa kwa sababu utaratibu wetu wa malipo unatambua kifaa tu. Kazi ya kutafuta ubovu haina jina kwenye vitabu. Fundi kijana akishanyimwa malipo mara kadhaa kwa kosa la kutengeneza bila kununua chochote, anaelewa somo. Safari nyingine anakuja na kadi mkobani. Anachomoa ya zamani, anachomeka mpya, na kabla ya adhana ya adhuhuri ameshaondoka na hela yake. Nani atamlaumu? Ana watoto wanasoma.

Najua kuna atakayecheka kwamba bado tunajadili simu za mezani wakati kila mtu ana simu mfukoni. Acheke, kisha aende kwenye geti la taasisi yoyote asome namba iliyoandikwa kwenye bango. Mara nyingi ni namba ya mkononi ya mtu. Mtu huyo akihamishwa, akistaafu au akikorofishana na bosi, anaondoka na namba yake, na watu wa visiwani, Goziba na Bumbire, wanaendelea kumpigia wakati yeye yuko kwao Karagwe anapalilia migomba. Namba inayoanza na 028 ni mali ya taasisi. Haichukui likizo wala kiinua mgongo. Na ndani ya jengo lenyewe, mtu wa zamu ya usiku hapaswi kutumia salio lake kumwamsha mtu wa stoo aliye korido ya pili. Anainua simu, anabonyeza tarakimu tatu, basi.

Nichukue kisa kimoja tu, cha taasisi moja wilayani Muleba ambayo jina lake halina haja hapa. Niliitwa baada ya mvua za Novemba. Laini za nje zote mbili zilikuwa kimya, simu za ndani zikipigiana vizuri. Nikapanda Hiace hadi Muleba mjini, nikamalizia kwa bodaboda. Getini mlinzi alinikaribisha kwa heshima zote, kisha akachungulia barabarani nyuma yangu. "Na fundi je?" Nimeshazoea. Nikamwonyesha mkoba.

Dada wa mapokezi alikuwa na jibu tayari: kadi imekufa tena. Hilo "tena" ndilo lililonifanya niketi. Kadi ile ya laini za nje ilikuwa mpya, ilifungwa masika na fundi mwingine, na ile iliyoitangulia ilikufa vuli iliyopita. Kadi mbili ndani ya mwaka. Kadi haina uzee wa namna hiyo.

Kutafuta ubovu huanza nje ya sanduku. Unakwenda pale waya wa kampuni ya simu unapoingilia kwenye jengo, unatenganisha jozi inayoelekea kwenye mashine, unachomeka simu ya kawaida ya mezani moja kwa moja kwenye laini. Ukisikia mlio wa kupigia, laini ni nzima na huna ugomvi na kampuni. Ukiwa na mita, soma. Laini ya waya wa shaba, simu ikiwa imetulia kitini pake, huwa na volti 48 hivi za betri za eksichenji. Ukiinua simu zinaporomoka hadi volti chache, mara nyingi chini ya 10, kwa kuwa sasa mkondo unapita. Ukiinua zisishuke, au ukikuta zimeshuka na hakuna aliyeinua, umeshapata habari kubwa kabla ya kugusa bisibisi. Na uwe mwangalifu, maana simu ikipigwa, kwenye waya huohuo zinapita volti kati ya 75 na 90 za kulizia kengele. Ukiwa umeshika ncha zake kwa vidole vyenye jasho, hutamsahau aliyepiga.

Laini zote mbili zilikuwa nzima. Kampuni ikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Hatua inayofuata ndiyo roho ya kazi yetu, nayo haina gharama: kuhamisha. Chukua laini ya kwanza uipeleke kwenye mlango wa kadi usiotumika. Ubovu ukihama pamoja na laini, kosa ni la laini. Ukibaki pale ulipokuwa, kosa ni la mlango. Kisha zima mashine, na nasema zima, kwa kuwa mashine nyingi ndogo hazipendi kadi kuchomolewa zikiwa zinawaka, halafu hamisha kadi yenyewe kutoka sloti moja hadi nyingine. Washa, subiri, piga. Ubovu umefuata kadi, au umebaki kwenye sloti?

Mzee aliyenifundisha alisomea Mbagathi, Nairobi, enzi za shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Kwake neno "nadhani" lilikuwa halitamkwi mpaka umehamisha kitu kimoja, kimoja tu, na umeandika daftarini kilichotokea. Siku moja nikamwambia: "Tata, nimehamisha kadi pamoja na laini, sasa inafanya kazi." Akanitazama, akaninyang'anya bisibisi. "Basi hujahamisha kitu." Maana yake niliielewa baadaye: ukigusa viwili kwa mpigo, ubovu ukiondoka hujui ulifukuzwa na kipi, na ukirudi hujui uanzie wapi.

Kwa hiyo kule Muleba nikahamisha kimoja kimoja. Ubovu ulifuata kadi kila ilipokwenda. Watu wa mapokezi walikuwa sahihi, kadi ilikuwa imekufa kweli. Na hapa ndipo fundi wa haraka angemaliza safari, angefungua mkoba, angechomeka nyingine.

Mimi nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Karibu na soketi za laini kulikuwa na madoa meusi ya kuungua, na vile vijidude vya kinga, ambavyo kazi yake ni kuupokea umeme wa radi na kuumwagia ardhini, vilikuwa vimepasuka vyote. Kinga haikuzembea. Ilipokea, ikataka kumwaga, ikakosa pa kumwagia.

Nikaufuata waya wa kijani na njano kutoka kwenye sanduku. Ukashuka ukutani, ukapita chini ya dirisha, ukatoka nje kwenye kona ya jengo, ukaishia hewani. Umekatwa kwa koleo, safi kabisa. Nondo ya shaba iliyokuwa imezikwa hapo haikuwepo. Shimo lake lilikuwa limejaa majani makavu ya migomba. Shaba ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na eathi ikiibwa haipigi kelele. Taa zinawaka, simu zinaita, hakuna anayejua kitu kimepungua, mpaka asubuhi ya radi.

Na asubuhi za radi kwetu ni nyingi. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Dodoma haifikishi theluthi yake. Ziwa Victoria linapika mawingu yake lenyewe usiku: ardhi ya kandokando inapoa, pepo zinakutana juu ya maji yaliyobaki na joto, na upepo wa mashariki unayasukuma mawingu huku magharibi tuliko sisi. Ndiyo maana ngurumo zetu nyingi huja alfajiri, ofisi zikiwa zimefungwa, hakuna wa kuchomoa chochote. Na usidhani lazima radi iupige waya wa simu. Waya unaotambaa kwenye nguzo kilomita kadhaa kati ya migomba, radi ikishuka jirani tu, unaokota umeme wa kutosha kuua kadi na usiwe na kovu lolote kwa nje.

Ardhi yenyewe haitusaidii. Wanajiolojia waliupa ukoo mzima wa miamba jina la mji wetu, na miamba hiyo ya mchanga iko karibu sana na uso wa ardhi. Kwenye miinuko ya Bukoba na Kamachumu unachimba kidogo unagonga jiwe, na jiwe kavu halipitishi umeme. Nimekuta nondo iliyogongwa nyundo mpaka ikagoma katikati, kisha fundi akaikata kichwa ionekane imezama yote. Hiyo si eathi, hilo ni pambo. Kwa mitambo ya simu tunataka ukinzani usiozidi omu 5 hivi. Juu ya mwamba, nondo moja ya peke yake inaweza kukupa omu mia na ushei. Tiba yake mafundi wa zamani waliijua: shimo pana, nondo zaidi ya moja zilizofungwa pamoja kwa waya wa shaba, mkaa na chumvi vikishindiliwa kuzizunguka, maji wakati wa kiangazi, na maungio yafukiwe mahali ambapo mwenye koleo hayaoni. Halafu unapima kwa mita ya eathi, na unaandika namba uliyosoma. Bila namba hujafanya kitu.

Nilifanya hivyo, vijana wawili wa bustani wakinisaidia kuchimba. Mkaa gunia moja, chumvi ya mawe, nondo, waya. Nikafunga na kinga radi pale laini zinapoingilia. Kisha ndipo nikachomeka kadi, ya mtumba, niliyokuwa nayo karakanani.

Mhasibu alikuwa mzee mstaarabu, na kadi aliilipa bila neno. Tulipofika kwenye shimo, akasita. "Mkaa na chumvi?" Ndiyo, mzee. "Kwenye fungu la TEHAMA?" Nikamweleza habari ya radi na ukinzani wa ardhi, akanisikiliza kwa makini kabisa, na mwisho akasema: "Nimekuelewa, mwanangu. Lakini mkaguzi akikuta chumvi kwenye fungu la TEHAMA, mimi nitamjibu nini?" Vifaa vya shimo mwishowe vililipwa kwenye fungu la jiko. Kwenye vitabu vya taasisi ile, eathi ya mashine ya simu ni chumvi ya maharage. Na siku nzima ya kupima, kuhamisha na kufuata waya haikupata fungu lolote. Ilikwenda na chai.

Masika yamekuja yakapita. Kadi iko palepale. Kwa hesabu ya vitabu, kilichoiponya taasisi ile ni kadi.

Mji huu una sababu ya kuelewa thamani ya mtambo mmoja wa mawasiliano. Mwezi Juni 1915 Waingereza walipanda meli Kisumu, wakavuka ziwa na kuja kuivamia Bukoba, na shabaha kubwa ilikuwa kituo cha redio cha Wajerumani na mnara wake. Walipouangusha wakarudi walikotoka. Wenzetu walisafirisha askari na mizinga ziwa zima kwa ajili ya kuharibu kifaa kimoja. Sisi vya kwetu vinaharibika kwa kukosa gunia la mkaa.

Sisemi kila ubovu ni radi. Kuna pawa saplai ambayo kapasita zake zimevimba vichwa: mashine inafanya kazi asubuhi, ikipata joto mchana inaanza kukata laini, na kila anayeitazama anailaumu kadi kwa kuwa kadi ndiyo yenye taa inayopepesa. Kuna umeme wenyewe. Kwa miaka mingi mkoa wetu ulilishwa kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka hadi Kyaka, na mwisho wa laini ndefu za vijijini, jioni kila nyumba ikiwasha, volti 230 zinabaki kwenye vitabu tu. Kuna unyevu unaoota kutu ya kijani kwenye pini za kadi. Hapo dawa ni kifutio cha penseli cha mtoto wa shule, unasugua taratibu, unapangusa, unarudisha. Nimefufua kadi kwa kifutio, na mhasibu akaniuliza bei ya kifutio.

Na kuna msimu wa senene. Taasisi inaweka taa kubwa ya ulinzi juu ya dirisha la chumba cha mashine, senene wanajaa, wanaopenya wanaingia kwenye sanduku kutafuta joto, mijusi inawafuata. Mjusi anayekauka akiwa amelala juu ya nyaya mbili anaweza kukuunganishia simu ya mkuu wa taasisi na ya jikoni kwa wiki nzima. Tape ya shilingi elfu mbili kwenye tundu la kupitishia nyaya ingemzuia. Lakini tape nayo, ukiiandika peke yake kwenye ankara, inachekesha.

Ofisi zilizoendelea kidogo hazina hata sanduku, zina kompyuta. Mwaka 1999 kijana mmoja wa Alabama, Marekani, Mark Spencer, aliona bei ya PABX haiwezi, akaandika programu yake aliyoiita Asterisk na kuigawa bure. Kampuni yake, Digium, ikauza kadi za kuchomeka kwenye kompyuta ya kawaida ili laini za simu ziingie humo. Mojawapo iliyosambaa sana ina vijikadi vidogo vya rangi mbili: vyekundu vya laini za nje, vya kijani vya simu za ndani. Vya kijani ndivyo vinavyoliza kengele za simu, kwa hiyo vinadai umeme wa ziada kutoka kwenye waya wa pini nne, uleule uliokuwa ukilisha diski za kompyuta za zamani. Waya huo ukichomoka, vyekundu vinafanya kazi, vya kijani vinazimika, na programu inalalamika kwa lugha inayomtisha kila mtu.

Ofisi moja ya mjini hapa ilikuwa na profoma mezani ya kompyuta mpya, kadi mpya na ufungaji, jumla ya mamilioni. Nilipofungua kasha nikakuta waya wa pini nne unaning'inia. Aliyepangusa vumbi Jumamosi aliuchomoa, hakuurudisha. Nikauchomeka. Simu zikaita chumba kizima. Wakanipigia makofi, nikapewa soda, na bosi akasema kwa furaha ya kweli kabisa: "Kumbe kilikuwa kitu kidogo!" Kidogo kiliwaokolea mamilioni, nami nikarudi Miembeni na ladha ya soda. Nadhani mwenye ile profoma alipata somo pia, na somo lake ni kwamba asinipe tena nafasi ya kufika kabla yake.

Taasisi za umma zina ugumu wao, nao nauelewa. Manunuzi yanapita kwenye mfumo wa NeST, na kila ombi linataka kitu chenye jina, kiasi na kipimo. Kabla hujaomba inabidi ujue unaomba nini. Kujua unaomba nini ndiyo kazi yenyewe ninayodai ilipwe, na haipatikani mpaka mtu afike, afungue, apime. Matokeo yake ofisa ugavi anaandika kile ambacho fomu inakikubali: kadi moja, au mashine moja. Sheria haimzuii kununua huduma. Mazoea ndiyo yanamzuia, pamoja na hofu ya mkaguzi atakayeuliza huduma hiyo iko wapi aishike. Shule za binafsi na taasisi za dini, ambazo hazifungwi na mfumo huo, zinafanya vilevile. Kwa hiyo sitaki kuutupia mfumo lawama zote.

Linalonishangaza ni kwamba mkoa huu kwenye kahawa unajua vizuri sana jambo hili. Hakuna anayenunua kahawa ya maganda bila kupima unyevu, na mpimaji analipwa hata siku anayosema mzigo huu urudi ukaanikwe. Hakuna anayemwambia: leo hukununua kitu, kunywa chai uende.

Suala hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Mashine nyingi za ofisi zetu ni Panasonic, zile ndogo zinazoanza na laini 3 na simu 8, unaongeza kadi mpaka laini 8 na simu 24. Ni mashine ngumu, zimevumilia mengi. Lakini kampuni yenyewe imeshatangaza kuachana na biashara hiyo. Kadi tunazozipata Kariakoo, au Kampala ambako kwetu ni karibu kuliko Dar es Salaam, zinazidi kuwa za kuchomolewa kwenye mashine nyingine. Kila kadi tunayoiua kwa kukosa eathi ni moja imepungua sokoni, na ile inayofuata itakuwa ghali zaidi na imechoka zaidi.

Wapo watakaosema dawa ni kuhamia simu za intaneti, tuachane na shaba. Sina ugomvi nao. Mkongo wa Taifa umefika mpakani Mutukula, na nyuzi zake za kioo hazibebi radi. Lakini mkongo unaishia mlangoni. Kuanzia hapo, kutoka chumba cha mashine hadi bweni la mwisho, ni shaba tena, na swichi inayolisha simu hizo umeme kwa waya uleule wa mtandao inaungua kama kadi ilivyoungua, tena inaungua milango yote kwa pamoja. Ukihamia huko na waya wa eathi bado unaning'inia hewani, umebadilisha tu bei ya kitakachokufa.

Hoja nzito ninayoisikia ni nyingine, na imetoka kwa wahasibu wenyewe. Wanasema: tukianza kulipia kutafuta, si kila fundi atakuja kukaa kutwa, anakunywa chai, jioni anatuambia ametafuta? Hofu hiyo ina msingi. Mafundi wa namna hiyo tunao, ninawajua kwa sura. Mtu anayelipwa kwa kadi ana angalau kadi ya kuonyesha.

Basi tulipeni kwa karatasi. Mimi nimeanza kuiandika hata pale ambapo haijaombwa, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mhasibu anakisoma. Volti za kila laini, simu ikiwa chini na ikiwa juu. Volti za umeme wa ukutani na za pawa saplai, asubuhi na mchana. Omu za eathi. Nilihamisha nini, kutoka wapi kwenda wapi, na kilitokea nini. Kama nimebadilisha kadi, ile ya zamani ibaki ofisini ndani ya mfuko, na tarehe iandikwe juu yake, ili fundi atakayekuja baada yangu aigeuze kwenye mwanga aone mwenyewe iliunguaje. Mimi kazi hiyo naitoza shilingi elfu hamsini na nauli, risiti ya EFD juu yake, na kwenye ankara naiandika "uchunguzi wa ubovu wa mashine ya simu". Kadi kama itahitajika ni ankara nyingine, na si lazima inunuliwe kwangu.

Wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa shule mnaoandaa bajeti ya kuanzia Julai, wekeni mstari huo hata kwa laki mbili tu kwa mwaka, na muuite jina lolote ambalo mkaguzi wenu atalikubali. Fundi atakayedai pesa ya mstari huo bila karatasi yenye namba, msimlipe, hata akiwa mimi.